Volti Sita za Kumsikia Mwana

Katika miaka ile bidhaa zilipoanza kurudi madukani baada ya ukame mrefu wa sabuni na sukari, nilipangiwa kufundisha fizikia katika shule ya sekondari iliyojengwa juu ya milima ya Umatengo. Siku isiyo na ukungu mtu aliweza kuliona Ziwa Nyasa chini kabisa, upande wa Kingerikiti, na mawingu yakiwa yameketi kati yake na sisi. Mimi ni mtu wa Kondoa. Nilikuwa Mwislamu pekee miongoni mwa walimu, mwanamke pekee miongoni mwao pia, na mkaaji pekee wa nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa imekusudiwa familia.

Watu wa pale hawakunitendea ubaya wowote, na sitaki msomaji adhani nalalamika. Walinisalimu kwa adabu, walinipisha njiani, na msimu wa maharage waliniachia kikapu mlangoni bila kusubiri shukrani. Lakini lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kimatengo, na Kiswahili walikivaa kama viatu vya kwendea kanisani, kwa heshima na kwa hamu ya kuvivua. Nilipotokea, mazungumzo yalivaa viatu. Nilipopita, niliwasikia nyuma yangu wakivivua na kucheka.

Shule yetu ilipata umeme kutoka kwenye mtambo mdogo wa maji ambao misheni ya jirani iliufunga kijitoni. Umeme huo huo uliendesha mashine ya kusaga mahindi, na mashine ilipoanza kusaga, taa zote za mlimani ziligeuka rangi ya chai. Maabara ilikuwa na meza nne na vyombo vichache vilivyohitaji umeme wa namna nyingine, ule wa betri, ambao huenda upande mmoja bila kugeukageuka. Betri tulikuwa tukiletewa mara chache, nazo hufa zikitumika na hufa zisipotumika. Kwa hiyo nilianza kukusanya vipande vya kujengea kisanduku kitakachogeuza umeme wa kijitoni kuwa umeme wa betri. Nilikichora kikiwa na matundu manne. Matatu yangetoa volti sita, tisa na kumi na mbili. La nne lingekuwa na kinobu cha kuzungusha, ili mtu aweze kupandisha volti kutoka moja hadi kumi na mbili kadiri anavyotaka.

Matundu manne yalikuwa ya meza nne. Ndivyo nilivyomweleza mkuu wa shule. Nafsini mwangu, hata hivyo, nilipokuwa nachora, niliyaona matundu hayo yakiwa mezani kwangu nyumbani, na majirani wamekuja na redio zao, kila mmoja amechomeka yake, na nyumba imejaa watu wanaobishana kuhusu taarifa ya habari.

Jirani yangu wa karibu alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia, chini kidogo ya yangu, na kuanzia ukuta wake wa nyuma mibuni iliteremka hadi bondeni, kisha yakaanza mashimo ya ngoro, yale Wamatengo wanayochimba mteremkoni kuzuia udongo, yenye mahindi. Kitinda mimba wake alikuwa ameondoka kwenda Dar es Salaam, mmoja wa vijana waliokwenda kuuza mashati mkononi barabarani wakati huo, serikali ilipoacha kuwakimbiza wafanyabiashara wadogo na kuanza kuwasifu. Mama hakujua kusoma. Kijana hakupenda barua zake zisomwe na katekista mbele ya ukoo mzima. Basi alimtumia redio ya kaseti pamoja na kaseti moja aliyojirekodi mwenyewe, akampa msafiri wa nyumbani azilete.

Msafiri alikuwa mwaminifu kwa kiasi chake. Alizifikisha zote mbili, lakini njia nzima kutoka Songea alikuwa amepiga muziki kwa redio hiyo hiyo.

Niliitwa kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa mambo ya umeme na hakuna aliyejua kitufe kipi kibonyezwe. Nilikuta watu watatu: mama mwenyewe, shemeji yake, yaani mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyesimamia mambo ya ukoo, na mke wa huyo shemeji. Niliwaamkia, nikaweka kaseti, nikabonyeza. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na ya polepole, inajivuta kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani.

"Mama... shikamoo..."

"Marahaba, mwanangu," akajibu mama, akainamia redio.

"Mimi... sijambo..."

"Tunashukuru Mungu."

Aliendelea kumwitikia hivyo kila alipotua. Kwa Wamatengo, kama ilivyo kwetu Kondoa, kumwacha mtu aseme bila kuitikiwa ni kumfukuza. Na kijana alitua mara nyingi, au hivyo ndivyo ilivyosikika. Alisema kwa Kimatengo kilichochanganywa na Kiswahili cha mjini, na maneno yenyewe yalikuwa ya kawaida tu: biashara, chumba alichopanga, nikipata nafasi nitakuja. Lakini kwa sauti ile, "nikipata nafasi nitakuja" lilikuwa neno la kuagana.

Kaseti ilipofika mwisho wa maneno, wote watatu walitazamana. Miaka hiyo kila mlima ulikuwa na kijana aliyerudi kutoka mjini akiwa mwembamba. Ugonjwa haukutajwa jina. Ilitosha kusema kwamba fulani "anaumwa", na kunyamaza baada ya neno hilo.

"Mama," nikasema, "hiyo si sauti yake. Betri zimechoka. Mota inazunguka polepole, na sauti inakuwa nzito."

Alinitazama kwa upole. "Mwalimu, mimi ndiye niliyemzaa."

Shemeji yake alifanya walichofanya wenye redio wote wa pale betri zilipochoka. Alizianika juani, kisha akakata mwanzi, akazitia ndani kwa mstari pamoja na mbili za tochi yake, akaunganisha nyaya ncha hadi ncha. Sauti iliruka juu kwa maneno machache, ikawa ya kijana mzima kabisa, halafu ikaanza kushuka tena hadi kwenye uzito wake.

"Umesikia?" mama akaniambia. "Anajikaza. Anajikaza asinitie hofu, halafu anashindwa."

Betri mpya zilikuwepo dukani, zenye maganda mazuri yenye picha ya simba. Masika yalikuwa yamezikuta stoo, na zilivuja maji ya chumvi kabla hazijauzwa. Soko huria lilituletea vitu vingi vizuri, nami si mtu wa kuyalilia maduka matupu. Lakini nadhani tulikosea kuamini kwamba kitu kikishang'aa dukani basi kimefika. Tuliizoea mno hali ya kukosa, hata hatukujifunza kukikagua kinachopatikana.

Shemeji aliitisha kikao cha ukoo. Kwa desturi ya pale, mgonjwa aliye mbali hufuatwa akiwa bado anaweza kutembea, ili aingie nyumbani kwa mama yake kwa miguu yake. Anayeingizwa amebebwa huhesabiwa kuwa ameanza kuombolezwa. Waliamua kwamba barabara ya Mbinga ikishakauka, mama na shemeji wangekwenda Dar es Salaam kumchukua. Kahawa ilikuwa inaanza kuiva. Ingeanguka chini, na msimu wa mjane ungekwisha hivyo. Tena kijana angefuatwa barabarani kwenye mashati yake na watu wa nyumbani waliokuja kumkusanya, mbele ya wenzake. Habari ya namna hiyo, mwaka ule, haikumwacha mtu na chumba wala mchumba.

"Mwandikieni kwanza," nikasema.

"Mgonjwa haandiki kwamba anaumwa, mwalimu," mama akajibu. "Angekuwa wa kusema, angesema kwenye kaseti."

"Basi nipeni hadi barabara ikauke. Nitawaletea sauti yake."

Shemeji alicheka. Alikuwa mtu wa mzaha hata kwenye msiba. "Utamfuata kwa nyaya? Mwalimu, jitafutie hata wewe mwenyewe mume kwa nyaya hizo, mana'ke kwa miguu hafiki."

"Akija na betri nzuri nitamkubali," nikamjibu, na kwa mara ya kwanza mke wake alicheka mbele yangu bila kufunika mdomo.

Nilianza kujenga. Transfoma niliitoa kwenye redio kubwa ya zamani ya shule iliyokuwa imekufa kabla sijafika. Ilikuwa na ncha kadhaa, kila moja ikitoa umeme wa kiwango chake. Nilifunga dayodi nne katika umbo la almasi ili umeme uende upande mmoja, nikaongeza kapasita ndogo, yaani kipipa cha kuhifadhi umeme kwa kitambo ili usitoke kwa mawimbi. Chuma cha kulehemu nilikipasha kwenye jiko la mkaa. Boksi lilikuwa la mbao za sanduku la chaki. Kazi ya namna hii humfanya mtu azungumze peke yake, na nilijisikia nikizisema rangi za nyaya kwa Kirangi, lugha ya kwetu Kondoa, ambayo sikuwa na mtu wa kusema naye tangu nilipoiacha stendi ya Dodoma. Nilisema kwa sauti, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunishangaa, kisha nikanyamaza, kwa sababu hiyo hiyo.

Kisanduku kilipokamilika kwa namna yake, niliwaita. Walikuja kwangu, wakakaa kwenye viti vinne ambavyo havikuwa vimekaliwa vyote kwa pamoja hata siku moja. Nilichomeka redio kwenye tundu la volti sita. Sauti ilikuja nyepesi zaidi kuliko ile ya betri, lakini chini yake kulikuwa na mngurumo, mmm, usiokoma.

Mama aliweka mkono kifuani pake mwenyewe. "Ana nyuki kifuani."

"Kifua kikuu huanza hivyo," akasema shemeji. Safari hii hakuwa anatania.

"Huo ni mngurumo wa umeme, mzee. Kapasita yangu ni ndogo. Kijana hana kitu kifuani."

"Kwenye betri hakuwa na nyuki," akajibu shemeji.

"Kwa sababu betri haina mawimbi."

"Mwalimu," akasema mama, "kwenye betri alikuwa amechoka. Kwako ana nyuki. Ukizidi kumtengeneza atakufa."

Waliondoka kwa heshima. Nami nilibaki na viti.

Nilihitaji kapasita kubwa, na Mbinga hapakufikika kwa matope. Niliambiwa kwamba Mbaha, ufukweni, mwenye kilabu mmoja alikuwa na amplifaya iliyoungua, iliyokuwa imevushwa kutoka upande wa Malawi. Jumamosi niliteremka kwa miguu. Safari ile huanza kwenye baridi ya mibuni na kuishia kwenye joto la mihogo, na magoti hujua tofauti kabla ya ngozi. Nilipofika, usipa, dagaa wa ziwa lile, walikuwa wameanikwa mchangani kwa eneo kubwa, na wanawake waliowageuza walinisalimu kwa Kinyasa, wakaona sijaelewa, wakavaa viatu vya Kiswahili. Mwenye kilabu alinipa amplifaya yote bure, akitaka tu nimwambie kama ingepona. Nikamwambia haitapona. Alishukuru. Nadhani alikuwa amechoka kuitumaini.

Kabla ya kupanda nilikaa ufukweni kidogo. Ziwa lile halina ng'ambo machoni. Upande wa pili kuna nchi nyingine, watu na masoko yao, lakini siku ya joto unaona maji tu yakipanda hadi angani. Nilijiuliza kama kuna mtu duniani ambaye sauti yangu ikibadilika angejua. Sikujipa jibu, maana swali la namna hiyo lina unafiki ndani yake. Mtu huliuliza ili ajihurumie. Nilibeba amplifaya yangu nikapanda.

Kapasita zilikuwa nzima. Nilizifunga, na nyuki walikwisha. Niliwaita tena, siku ya kazi, saa za alasiri. Walikuja, mama akiwa nyuma kwa hatua kadhaa. Nilibonyeza. Sauti ilitoka safi, ya kijana, na kwa mara ya kwanza nilimwona mama akinyoosha mgongo.

Ndipo mashine ya misheni ilipoanza kusaga.

Taa iligeuka rangi ya chai. Sauti ya kijana ilizama katikati ya sentensi, ikajivuta, ikawa ile ile nzito ya siku ya kwanza. Shemeji alisimama. Mashine ilisimama, labda gunia lilikuwa limekwisha, na kijana akapanda juu tena na kuendelea na habari za mashati.

"Amezimia," mama akasema. "Amezimia akazinduka."

"Mama, ni mashine! Umeisikia mashine?"

"Nimeisikia. Nimemsikia na yeye."

"Homa za vipindi," akasema mke wa shemeji, kwa sauti ya chini, na mumewe akaitika kwa kichwa.

Nilikasirika, na sitajificha nyuma ya upole ambao sikuwa nao. Nilikasirishwa na jinsi kila kasoro ya kisanduku changu ilivyokuwa ikiandikwa kwenye mwili wa mtoto wa watu. Baadaye, nilipokuwa peke yangu, nikaona kwamba mama yule hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa akitumia ushahidi aliokuwa nao. Kilichompa ushahidi mbovu kilikuwa kisanduku, na dawa ya ushahidi mbovu ni ushahidi ulio bora. Kukasirika hakusaidii.

Kulikuwa na kipande kimoja ambacho sikuwa nimekitumia. Nilikinunua Mbinga mjini kabla ya mvua: regyuleta, kitu kidogo cheusi chenye miguu mitatu, ambacho kazi yake ni kutoa volti zile zile ulizoziagiza hata umeme unaoingia ukipanda au kushuka, alimradi usishuke chini ya kile kilichoagizwa. Nilikuwa nacho kimoja tu, nimekifunga kwenye pamba, na nilikiogopa. Kikichomekwa vibaya mara moja hufa, na sikuwa na cha pili. Nilikata chuma chepesi kutoka kwenye mfuniko wa sufuria ili kibebe joto lake. Kinobu nilikitoa kwenye redio mbovu, kile cha kuongezea sauti. Nilivifunga vyote kwenye lile tundu la nne, nikakagua, nikakagua tena. Kisha nikachukua mita ya shule, nikazungusha kinobu hadi mshale ukasimama kwenye sita, namba iliyoandikwa chini ya redio ya kijana.

Barabara ilikuwa imeanza kukauka. Lori la kwanza lilikuwa limeshapita. Mama alikuwa amefua kanga za safari na kuzianika kwenye ua. Niliwaita kwa mara ya mwisho, na safari hii yeye ndiye aliyetoa sharti.

"Usibonyeze bado," akasema alipokwisha kukaa. "Ngoja mashine ianze."

Tukangoja. Shemeji alikitazama kisanduku. "Hilo sanduku lina mimba ya muda mrefu, mwalimu. Leo lizae."

"Litazaa. Wewe ngojea nje kama wanaume wengine."

"Eh! Amejifunza kutujibu," akamwambia mkewe.

Mashine ilianza. Taa ikawa rangi ya chai. Mama akanionyesha redio kwa kidole, nami nikabonyeza.

"Mama, shikamoo! Mimi sijambo kabisa, huku joto tu, biashara inakwenda, nimepata chumba..."

Sauti haikuyumba. Mashine ilisaga, ikasimama, ikasaga tena, taa ikapanda na kushuka, na kijana akaendelea mbele kwa mwendo ule ule, mwepesi, mchangamfu, akimeza mwisho wa maneno. Mama alifunga macho. "Baba yake," akasema. "Baba yake alikuwa anameza maneno hivyo hivyo." Kisha akafungua macho na kunigeukia. "Ndiye. Mzima."

Shemeji alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayeua mbu. "Kumbe tulitaka kwenda kumteka mtu mwenye afya!" Alitoka kwenda kuwaambia wenye ukoo kwamba hakuna safari, na mkewe akamfuata kwenda kuwatafuta wachumaji wa kahawa. Niliwasikia njiani wakicheka kwa lugha yao. Huko nje kanga ziliendelea kukauka. Mama hakuondoka.

"Mrudishe mwanzo," akasema. Nikarudisha.

Alijaribu kumwitikia. Kijana alisema shikamoo, na kabla mama hajamaliza marahaba, kijana alikuwa ameshafika kwenye joto la mji. Aliposema "tunashukuru", kijana alikuwa kwenye chumba alichopanga. "Nikipata nafasi nitakuja" lilipita katikati ya maneno mengine kama mtu anayepita sokoni bila kununua. Labda Krismasi, labda mwaka unaofuata. Haya mama, wateja wananingoja. Kisha muziki wa dansi hadi mwisho wa upande.

Mama aliacha kuitikia. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Mwalimu," akasema, "hicho kinobu ukikipunguza, anarudi kuwa kama mwanzo?"

"Atakuwa mzito tena, mama. Haitakuwa sauti yake."

"Najua. Mpunguze kidogo."

"Lakini yuko mzima. Umemsikia. Kwa nini umsikilize kama mgonjwa?"

Alikitazama kinobu. "Yule wa mwanzo alikuwa ananingoja nimjibu. Huyu ana haraka."

Nimeishi kwa imani kwamba kweli ni deni ambalo binadamu anadaiwa na kila binadamu, na kwamba anayeacha kuilipa kwa sababu ya huruma hujikuta hailipi kabisa. Nimewafundisha hivyo watoto wa watu kwa miaka mingi, na sijabadilika. Mkono wangu ulikuwa karibu na kinobu. Robo ya mzunguko tu ingemtosha. Nilimwona mama yule akija kwangu kila Jumapili baada ya misa kuzungumza na mwana ambaye hayupo, aliyetengenezwa na volti nne na nusu, na nyumba yangu ikiwa na mgeni wa uhakika kila wiki. Sipendi kukumbuka jinsi picha hiyo ilivyonivutia.

"Sitakipunguza, mama," nikasema. "Nisamehe. Lakini naweza kumsimamisha. Akisema neno, nabonyeza hapa, anangoja. Ukimaliza kumjibu, namwachia."

Tulijaribu. "Mama, shikamoo!" Nikabonyeza. "Marahaba," akasema mama. Nikaachia. "Mimi sijambo kabi—" Nikabonyeza. Mama alitikisa kichwa.

"Unamkata kauli. Si adabu." Akauondoa mkono wangu kwenye kitufe. "Mwache aseme yake yote. Mimi nitasema yangu."

Upande wa pili wa kaseti ulikuwa mtupu. Niliigeuza, nikamwonyesha kitundu anachopaswa kukielekea, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nikamwashiria aanze. Sikuondoka chumbani kwa sababu redio ilitaka mtu wa kuisimamia, na kwa sababu hakuniomba niondoke.

Alisema kwa Kimatengo, polepole. Wakati huo nilikuwa nimeshakifahamu kiasi cha kufuata. Alimsalimu, akanyamaza. Nilidhani ameishiwa. Kumbe alikuwa anamwachia nafasi aitikie. Kaseti ilizunguka ikirekodi ukimya wa kutosha mtu kusema maneno mawili. Kisha akaendelea. Alimwambia kwamba walidhani anaumwa, na kwamba hakuwa anaumwa. Akanyamaza. Alimwambia kahawa imeiva vizuri upande wa bondeni. Akanyamaza. Alimwambia akisema tena, aseme taratibu, wateja hawamalizi mashati siku moja. Akanyamaza kwa muda mrefu zaidi, na nikasikia mashine ya misheni ikisaga kwa mbali, ikaingia nayo.

Sijui kama kijana aliyasikia yale yote yaliyoachwa wazi kwa ajili yake, au aliyasogeza mbele kwa kidole. Kaseti ilikwenda na lori, na jibu, nilivyoelewa baadaye, lilikuwa shati zuri la kike bila neno lolote. Lakini hayo ni ya baadaye. Pale chumbani mama alikuwa amekaribia mwisho. Aliuliza swali ambalo mama yeyote humuuliza mtoto aliye mbali, na ambalo halina jibu la maana zaidi ya lenyewe.

"Umekula?"

Akanyamaza, akisubiri. Ukimya ulirefuka. Aliinua uso, na kwa kuwa mtu mwingine hakuwepo, macho yake yakanikuta mimi. Hakuyaondoa. Nilielewa kwamba swali lilikuwa limegeuka mikononi mwake, na kwamba sasa lilikuwa langu. Kaseti ilikuwa inazunguka. Kwa adabu ya kazi nilipaswa kunyamaza. Kwa adabu nyingine, iliyo kubwa zaidi, sikuweza.

"Bado, mama," nikasema.

"Bado? Saa hizi?" Alikuwa ameshasimama, akijifunga kanga kiunoni. "Umekaa na nyaya tangu asubuhi, huna hata kitu jikoni, nimeona. Kuna ugali na maharage kwangu. Twende."

Nilinyoosha mkono nizime redio. "Iache," akasema, akiwa mlangoni. "Asikie tumekwenda kula."

Tukatoka, naye mbele. Nyuma yetu kisanduku kiliendelea kuilisha redio volti zake sita, na redio ikarekodi chumba kisicho na mtu hadi kaseti ilipofika mwisho.